Kistari cha Pilipili

Katika shule moja ya bweni iliyokaa juu ya kilima, upande wa Lushebere, palikuwa na paa lililovuja, choo kilichojaa, na bwana mmoja aliyeitwa Zéphyrin Nzabandora. Kati ya matatizo hayo, ni la mwisho tu lililovaa tai.

Papa Zéphyrin alikuwa direkta wa nidhamu. Wanafunzi walimwita Dede, kwa herufi za mwanzo za cheo chake katika Kifaransa, lakini walimwita hivyo akiwa mbali, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kufupishwa. Alikuwa na lisansi, yaani shahada, ya Kifaransa aliyoipata Goma, suti moja ya kahawia, na huzuni moja kubwa. Huzuni yenyewe ni kwamba Mungu, aliyekuwa na dunia nzima ya kuchagua, alimweka yeye kati ya watu wa Masisi na Walikale, watu ambao hawakuwa wamefanya lolote la kustahili zawadi hiyo.

Aliwadharau watoto wa Nyamitaba kwa sababu walinukia maziwa. Aliwadharau watoto wa Walikale kwa sababu walinukia moshi. Wa Karuba hakuwadharau kwa sauti, maana yeye mwenyewe alizaliwa huko, lakini alipoulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Karibu na Goma," akabadili mazungumzo.

Mwaka huo kiti cha prefe, yaani mkuu wa shule, kilibaki wazi. Prefe wa zamani alihamishiwa kwingine, akaondoka kilimani akiimba. Waliobaki wakikitazama kiti hicho walikuwa wawili: Papa Zéphyrin, na Mama Colette Muhawenimana, direktrisi wa masomo. Kordinateri wa shule, Papa Edmond, alituma ujumbe kwamba angepanda kilimani mwenyewe, aone kazi ya kila mmoja wao, ndipo aamue.

Kazi! Dede alijifungia ofisini akaitafuta kazi yake. Aliitafuta kwa bidii, kama mtu anayetafuta miwani iliyo puani, isipokuwa yeye puani hakukuwa na kitu. Paa lilihitaji mabati, na mabati yanahitaji mtu wa kupanda juu. Choo kilihitaji shimo jipya, na shimo linahitaji jembe. Kuhusu masomo, Mama Colette alikuwa ameshawafundisha wanafunzi wa darasa la sita hesabu mpaka wakazielewa, jambo ambalo Dede aliliona ni la kujionyesha. Alihitaji kazi kubwa, ya heshima, inayoweza kumalizwa na mtu aliyekaa.

Aliipata jikoni.

Mchana mmoja aliingia kukagua chungu cha maharagwe, akakuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na juu ya mfuniko Mama Josiane, mpishi, alikuwa ameandika kwa mkaa: PILPIL.

Dede akasimama. Akaisoma tena. Kitu fulani ndani yake kikaumia, na kingine kikafurahi.

"Mama Josiane, hii ni nini?"

"Njo pilipili, Papa Direkta."

"Umeandika pilpil."

"Ndoo ilikuwa ndogo."

"Mama, neno hili lina sheria. Linaandikwa pili, kisha kistari, ule mstari mdogo wa katikati, kisha pili tena. Ndivyo lilivyo katika dikisionere."

Mama Josiane akageuza mwiko ndani ya chungu. "Hiyo kistari itafanya ikuwe mukali zaidi?"

"Itafanya iwe sahihi."

"Haya, nitaweka. Lakini maharagi yangu haijuaka kusoma, Papa."

Dede akatoka, kwa kuwa mtu wa lisansi habishani na mwiko. Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kulia, ambako kila meza ilikuwa na mabokali yake, zile chupa za kioo zenye mdomo mpana ambazo wanafunzi walileta kutoka nyumbani zikiwa na pilipili ya mama, ya shangazi au ya mjane wa jirani. Bila mabokali hayo maharagwe ya shule yasingepita kooni. Hilo hata daktari angelithibitisha. Dede hakuangalia yaliyokuwa ndani. Aliangalia karatasi zilizobandikwa nje, na moyo ukamwenda mbio kwa furaha ya mtu aliyekuta nyumba ya jirani inaungua.

Ilikuwa ni fujo tupu. Wengi waliandika pilipili, kwa pumzi moja, kama watu wanaokimbia mvua. Watoto wa Nyamitaba waliandika piripiri. Wadogo wa darasa la kwanza waliandika pirpir, pilpili, na mmoja pilipilipili, pengine alisahau mahali pa kusimama. Cyusa, aliyewahi kuishi mjini Goma na hakumruhusu mtu yeyote kulisahau jambo hilo, aliandika Pilly-Pilly, kama jina la mafuta ya kujipaka. Watoto wa Walikale hawakuandika chochote kabisa. Walipoulizwa, walisema kwamba mtu akifungua atajua mwenyewe.

"Giza," alisema Dede polepole, akitikisa kichwa. "Giza tupu."

Kesho yake sirkileri, yaani waraka wa amri, ilibandikwa mlangoni. Ilianza na "tukizingatia" saba, na ya mwisho ilisema kwamba shule isiyojua kuandika kitoweo chake haiwezi kuaminiwa na nchi. Baada ya hapo zilikuja sheria. Neno ni pili-pili. Kistari ni cha lazima. Kila bokali liandikwe upya. Na bokali lenye jina lisilo sahihi, sirkileri ilisema, "litakabidhiwa mkononi mwa Direkta mwenyewe."

Maneno hayo ya mwisho aliyapenda kuliko yote. Alikuwa ameyaona katika karatasi za maofisi ya Goma, na aliposoma "mkononi mwa Direkta mwenyewe" kwa sauti, peke yake, mlango ukiwa umefungwa, alijisikia ameshanenepa kidogo. Nakala moja akaipeleka kwa Kordinateri siku hiyohiyo, kwa mtu wa pikipiki.

Hakuufikiria mkono wenyewe. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni lazima sasa tuuzungumzie mkono huo kwa heshima unayostahili.

Bibi yake mzaa baba, marehemu Mukasine wa Karuba, alimlea kwa sheria chache, na mojawapo ilikuwa hii: pilipili haipewi mkononi. Anayetoa huiweka chini, anayetaka huiokota. Ukiipokea kutoka mkono wa mtu, wewe na mtu huyo mtagombana, na ugomvi huo hautakuwa mdogo. Zéphyrin mtoto aliicheka sheria hiyo. Akapokea pilipili moja nyekundu kutoka mkononi mwa kaka yake, Habumugisha, na kabla hajaimeza walikuwa wameshikana mashati kwa sababu ya kamba ya ng'ombe. Mpaka leo ndugu hao hawasalimiani. Ni kweli kwamba walikuwa wakishikana mashati kwa sababu ya kamba hiyohiyo tangu kabla ya pilipili, karibu kila jioni, lakini hilo Dede hakulihesabu.

Baadaye alisoma. Kila Jumatatu, mbele ya bendera, aliwahubiria wanafunzi dhidi ya mila za giza. Aliwacheka wawindaji wa Walikale wanaoongea na msitu kabla ya kuingia. Alisema kwamba mtu anayeogopa bundi hawezi kuongoza hata kuku. Alisema hayo kwa imani kamili, kutoka shingoni kwenda juu. Chini ya shingo mambo yalibaki kama Mukasine alivyoyaacha. Miaka yote hiyo hakuwahi kupokea pilipili mkononi, na kwa kuwa hakuna anayemtazama mtu kwa makini akiwa anaomba pilipili, hakuna aliyejua.

Siku ya kukusanya mabokali alipita kati ya meza akisema, "Wekeni hapo, nitaokota mwenyewe." Wakaweka. Akaokota. Akajaza katoni ya sabuni, akaipeleka ofisini, na jioni akayaonja yote, kwa ajili ya uthibitisho. Lakini kabla ya hapo, kati ya meza, mambo yalikuwa yameenda vizuri tu mpaka alipofika meza ya Mamy.

Mamy alikuwa wa darasa la sita, msichana mrefu kutoka Walikale, aliyekuwa akisubiri mtihani wa taifa ili aondoke kilimani kwa heshima. Alikuwa mpole. Upole wake ulikuwa mwingi kiasi cha kutia shaka. Bokali lake lilikuwa na zile pilipili ndogo za msituni, zilizokaushwa juu ya moto mpaka zikawa nyeusi, na safari hii alikuwa amebandika karatasi: PILIPILI. Hakuna kistari. Alisimama, akapiga goti kidogo, akalinyoosha kwa mikono miwili kama anavyofundishwa mtoto mwenye adabu.

"Papa Direkta, chukua."

"Weka mezani."

"Sirkileri inasema mukononi, Papa. Minaogopa kuvunja sheria."

"Nimesema weka. Mikono yako ina mikrobu."

Mamy akanusa mikono yake, taratibu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. "Iko inanuka sabuni, Papa."

Pembeni yake kijana aliyeitwa Noël akapaliwa na maji ambayo hakuwa ameyanywa. Dede akamtazama Mamy. Mamy akamtazama Dede, bado amepiga goti, bado bokali liko hewani. Halafu macho yake yakashuka polepole kutoka usoni mwa Dede mpaka kwenye mikono yake, ambayo ilikuwa imejificha nyuma ya suti bila kutumwa.

"Utalileta siku nyingine," akasema Dede, akapita.

Kesho yake Mamy alimletea chaki mkononi. Akaipokea. Akamletea daftari, akalipokea. Mezani akamnyooshea chumvi, kwa mikono miwili na goti, na Dede, aliyekuwa na njaa, akaipokea pia. Kisha akamnyooshea bokali. Mkono wa Dede ukarudi nyuma kama umeona nyoka.

"Aksanti, Papa," akasema Mamy, ingawa hakuna aliyempa kitu.

Tangu siku hiyo chumba kizima cha kulia kilikuwa na adabu ya kutisha. Dede alipokaribia meza, wanafunzi walisimama wote, wakapiga goti, wakanyoosha mabokali. "Chukua, Papa." "Mukononi mwako mwenyewe, Papa." "Tunaogopa kuvunja sheria, Papa." Hakuna aliyeweka kitu mezani. Na juu ya mabokali, karatasi zilizidi kuharibika: Phili-phili, Pi-li-pi-li, Pili na Mdogo Wake. Mmoja aliandika kistari peke yake, bila neno.

Kuirudisha sirkileri hakuweza. Nakala ilikuwa kwa Kordinateri. Akatangaza mbele ya bendera kwamba awamu ya kukusanya imekwisha kwa mafanikio, na sasa tunaingia awamu ya elimu. Wanafunzi wakapiga makofi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mama Colette alimfuata ofisini baadaye, akakuta amezungukwa na mabokali.

"Kaka Zéphyrin, maji iko inaingia mu dortwari, kwenye wasichana wanalala. Tungeomba wazazi wa Lushebere watusaidie, wako na ngazi."

"Mama Colette, mimi niko na reforme, mageuzi makubwa."

Mama Colette akaangalia mabokali, akaangalia kalamu nyekundu mkononi mwa Dede. "Njo naona," akasema, akaenda kutafuta ngazi mwenyewe. Dede akamhurumia. Mwanamke mzuri, aliwaza, lakini hana upeo.

Papa Edmond alifika siku ya Alhamisi, kwa pikipiki, akiwa na matope ya kutoka Sake mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu mnene, mzaliwa wa Kindu, aliyependa watu na aliyependa zaidi chakula. Alinawa, akanawa tena, akaketi mbele ya wanafunzi wote waliokusanyika katika chumba cha kulia. Mbele yake palikuwa na fufu, sombe ya majani ya muhogo, na mbuzi aliyechinjwa kwa heshima yake. Akashika kijiko.

"Kabla ya chakula," akasema Dede, "maelezo mafupi."

Kordinateri akaweka kijiko.

Mama Colette alianza. Akaonyesha juu. "Paa ilikuwa inavuya, Papa. Wazazi walitusaidia, imebaki kipande kile. Ba finalisti wa darasa la sita wanasoma vizuri. Choo tumeanza kuchimba. Njo vile." Akaketi. Dede akaona aibu kwa niaba yake. Hakukuwa na "tukizingatia" hata moja.

Kisha akasimama yeye. Alizungumza juu ya neno, juu ya taifa, juu ya kistari. Alisema kwamba aliwakuta watoto hawa wakiwa katika giza la mila na la maandishi, na kwamba kwa mkono wake mwenyewe aliwatoa humo. Mafuta ya mbuzi yakaanza kuganda. Kordinateri alikuwa akimtazama mbuzi huyo kama mtu anayemsindikiza ndugu kwenye safari ya mbali.

"Aksanti, Direkta, tumeelewa, sasa..."

"Na sasa onyesho la mbinu!"

Onyesho lilikuwa limefanyiwa mazoezi. Claudette wa darasa la kwanza, mtoto mdogo na mtiifu, angekuja na bokali lenye jina baya, angeliweka mezani mahali palipotiwa alama ya chaki, na Dede angelichukua na kulisahihisha mbele ya watu. Akaita jina lake. Akasimama Mamy.

"Claudette iko na homa, Papa. Nimekuya mu nafasi yake."

Akaja mbele kwa mwendo wa kanisani, na bokali lake la pilipili nyeusi. Akapiga goti. Akanyoosha mikono miwili.

"Papa Direkta, chukua."

"Weka mezani, mtoto wangu," akasema Dede, kwa sauti tamu kuliko aliyowahi kuitumia shuleni hapo. "Pale kwenye chaki."

"Ningeweka, Papa. Lakini sirkileri..."

Kordinateri akatoa nakala mfukoni, akaikunjua, akaisogeza mbali na macho. "Mutoto anasema kweli. 'Mkononi mwa Direkta mwenyewe.' Njo wewe uliandika hii?"

"Ni mimi."

"Basi chukua, tukule."

Mikono ya Dede ilikuwa nyuma ya suti. Aliiamuru itoke. Haikutoka. "Ni suala la usafi, Papa Kordinateri. Huyu binti ni wa Walikale, unajua kule..."

"Ni usafi tu?" Njaa ikamwinua Papa Edmond nusu kutoka kwenye kiti. "Lete hapa, mutoto." Akalichukua bokali mikononi mwa Mamy, akamnyooshea Dede. "Mimi nimenawa mbele yako. Shika."

Hapo ndipo Zéphyrin Nzabandora alipouona mlango wa maisha yake ukiwa wazi na ukiwa umefungwa kwa wakati mmoja. Mkononi mwa mtu huyu palikuwa na kiti cha prefe. Mkononi mwa mtu huyuhuyu palikuwa na pilipili. Akipokea, watagombana, na ugomvi hautakuwa mdogo. Alimwona kaka yake Habumugisha. Aliiona kamba ya ng'ombe. Akapima kwa akili yote ya lisansi yake, akaona kwamba njia ya pekee ya kuulinda urafiki wake na Kordinateri ni kuukataa mkono wa Kordinateri.

"Weka tu mezani, Papa."

Huko wanakoishi watu hawa, anayekataa chakula kutoka mkononi mwako amekuambia jambo bila kufungua mdomo, na jambo hilo halisemwi mbele ya watoto. Kordinateri alibaki amenyoosha mkono. Uso wake ulianza kubadilika, kuanzia mashavuni.

"Direkta. Mukono yangu iko na nini?"

"Haina kitu, Papa."

"Mbona unaikimbia?"

"Siikimbii."

"Uko unarudi nyuma mpaka ukutani, halafu unasema haukimbii! Unaniona mulozi?"

"Hapana! Papa Kordinateri, sijasema..."

"Nimetoka Goma na hii matope yote nikuye kukuwekea sumu? Mu bokali ya mutoto?"

Hapo Dede akapata wazo. Lilikuwa wazo la mwisho alilobaki nalo, na kama mawazo yake yote lilionekana zuri kutoka ndani. Kitambaa si mkono! Akatoa kitambaa chake cheupe mfukoni, akaufunika mkono wake wote kwa uangalifu, kidole kwa kidole, akaunyoosha kulipokea bokali.

Sauti iliyotoka kwa wanafunzi haikuwa kicheko bado. Ilikuwa pumzi ya watu wengi iliyoingia ndani kwa pamoja.

"Na kitambaa!" Kordinateri akalivuta bokali kifuani kama anayemlinda mtoto. "Mimi ni kidonda? Mama Colette, mimi ni kidonda?"

"Hapana, Papa," akasema Mama Colette, akiwa ameuma mkono wa blauzi yake.

"Ni kwetu!" akalia Dede. Ilimtoka tu. "Kwetu Karuba! Pilipili haipewi mkononi, Papa. Bibi yangu alikataza. Mtu akiipokea mkononi, yeye na aliyempa watagombana. Nilitaka mimi na wewe tusigombane!"

Papa Edmond akasimama mzima. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Tusigombane? Na hapa tunafanya nini? Tunaimba?"

Kicheko kilianzia meza ya nyuma, ambako alikaa Noël, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati, unaisikia kabla haijakufikia. Mama Josiane alikuwa mlangoni na mwiko wake. Alijifuta macho kwa nguo ya kichwani.

"Umetoka kusema sasa hivi," Kordinateri akaendelea, "umetoa hawa batoto mu giza ya mila. Bote batoke, halafu wewe ubaki ndani, ufunge mulango?"

Akalipiga bokali mezani, kishindo, juu kabisa ya alama ya chaki.

Na hapo, mbele ya wanafunzi wote, mbele ya mbuzi aliyeganda, Zéphyrin Nzabandora alifanya jambo ambalo kilima kizima bado kinalisimulia kwa unyenyekevu. Kwa kuwa bokali sasa lilikuwa limewekwa chini, kwa kuwa halikuwa tena mkononi mwa mtu, akavua kitambaa, akaliokota kwa vidole vyake vitupu, akatoa kalamu nyekundu, akageukia umati.

"Kama mnavyoona," akasema, "kistari hakipo."

Akakichora.

Kordinateri alimtazama muda mrefu. Hasira ilimwisha. Kilichobaki usoni mwake ni ile huruma ambayo mtu humpa mbuzi aliyeingia mwenyewe jikoni. Akainua kiti chake, akaketi, akamwita Mama Colette akae karibu naye, na wakala. Alikula vizuri. Alijipakulia pilipili nyeusi ya Walikale mara nyingi, akitokwa jasho na kumsifu mama yake Mamy, na alipouliza juu ya paa na choo, masikio yake yalikuwa kwa Mama Colette peke yake. Kabla ya kupanda pikipiki alimwambia kwamba Jumatatu aingie katika ofisi ya prefe, na kwamba atamtafutia mabati yaliyobaki. Kuhusu reforme, ripoti yake ya ziara ilikuwa na mstari mmoja, katika Kifaransa safi: "Piment: très bon", yaani pilipili ni nzuri sana. Neno ambalo Dede alilipigania kistari halikutajwa.

Mtu mwingine angejifunza kitu. Dede alijifunza kwamba bibi yake alisema kweli. Hakuipokea pilipili, na bado waligombana. Je, angeipokea ingekuwaje? Wangeuana. Aliporudi ofisini alijiona kama mtu aliyeponea chupuchupu, akawahurumia wote waliokuwa hawajui jinsi alivyoiokoa shule.

Jumatatu Prefe mpya aliamuru mabokali yaliyokuwa ofisini mwa Dede yarudishwe kwa wenyewe. Mengi yalirudi matupu. Wanafunzi hawakulalamika, walileta mengine, na kila mmoja aliandika alivyojua, na Cyusa akaongeza y nyingine.

Mchana huo Dede aliingia katika chumba cha kulia kama kawaida, tai imenyooka, akaketi kwenye meza yake. Mama Josiane alimpakulia fufu na maharagwe. Maharagwe yalikuwa yale ya shule, ya rangi ya udongo, yasiyopita kooni. Bokali lilikuwa likizunguka chumbani. Lilitoka kwa Noël likaenda kwa Claudette, aliyepona homa yake haraka sana. Kutoka kwa Claudette likaenda kwa wavulana wa Nyamitaba. Mkono hadi mkono, mkono hadi mkono, meza hadi meza, bila kugusa ubao popote, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Mwishowe likafika kwa Mamy. Akasimama. Akapiga goti, akalinyoosha kwa mikono miwili juu ya sahani ya Dede, pilipili nyeusi zikimeremeta ndani ya mafuta, harufu ya moshi ikimpanda puani.

"Papa Direkta, chukua."

Mate yalimjaa mdomoni. Akayameza. Chumba kizima kilikuwa kimesimamisha vijiko.

"Nimeshiba," akasema Dede, akaisukuma mbali naye sahani ambayo hakuwa ameigusa.